Majivu Tuliyoyapigia Makofi

Aliyewasha moto kule kinamasini namjua majina yake yote, la ubatizo, la ukoo, na la babu aliyemrithi. Sitayataja. Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, na kanisani bado tunakaa benchi moja.

Alisema anachoma nyasi kavu za ukingoni ili ng'ombe wapate majani mabichi. Lakini udongo wa kule si huu mnaoujua. Ni majani yaliyozama majini tangu kabla ya mababu, yakalaliana, yakawa meusi kama masizi. Juu yake huota manyoya ya kijani, mimea midogo laini, ukiyakamua maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mwaka ule jua lilikuwa limeukausha mpaka chini, moto ukaingia ardhini. Nyasi ziliungua zikaisha siku ileile. Ardhi yenyewe iliendelea kufuka moshi mpaka mvua iliponyesha.

Msimu uliofuata magimbi yetu ya ukingoni yalinenepa ajabu. Jumapili ya mavuno shemeji alipeleka gimbi moja madhabahuni, kalipakata kama mtoto wa kubatizwa, watu wakapiga makofi.

"Shemeji, mbolea ya bure, na bado umenuna," aliniambia tulipotoka nje.

"Umechinja ng'ombe wa maziwa, halafu unanisifia supu."

Waliosikia walicheka. Walidhani ni utani wa mashemeji.

Chakula cha ardhi ile kilikuwa kimewekwa kidogokidogo, na yale manyoya ndiyo yaliyokuwa yamekishika. Moto ulikitoa chote kwa mpigo. Kingine kilipanda na moshi, kingine kikabaki kwenye majivu, nacho ndicho tulichokula msimu mmoja tukashukuru. Mvua zikayakokota majivu yaliyobaki mpaka bondeni Ndungu, kwenye mpunga wa watu. Msimu wa pili magimbi yakatoka kama vidole. Wa tatu majani yakawa ya njano, mbegu ikafa. Mbegu hiyo nilipewa na mama mkwe. Imebaki miche michache tu niliyoihamishia nyuma ya jiko, yanapomwagika maji ya vyombo.

Mwezi uliopita shemeji alikuja, kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji. Nisaidie mbegu ya magimbi."

"Marahaba. Kalete ya kufungia."

Alinielewa. Kwetu mche wa gimbi hautoki nyumbani kwa mtu ukiwa mtupu. Hufungwa kwa manyoya ya kinamasini, uende na maji yake. Aliondoka, akarudi jua likizama, mkononi ana vinyoya vifupi vilivyoota juu ya majivu.

"Si hivi hapa, shemeji. Vimerudi."

Nilivichukua nikavikamua mbele yake, kwa mikono miwili, kwa hasira yote niliyokaa nayo benchi moja miaka hii. Halikutoka tone. Nikamfungua kiganja, nikamrudishia, nikaenda kumwaga maji ya vyombo kwenye miche yangu.