Betri Aishike Mke Wangu

Mimi ni mlipuaji baruti kwenye machimbo ya dhahabu huku Geita, na si mtu wa kuogopa ovyo. Lakini siku waliponifunga nyaya kichwani nilitetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga ukuta.

Hospitali nilipelekwa na gongo. Mke wangu aliniambia bila kupandisha sauti kwamba nikinywa tena, anamchukua binti yetu anarudi kwao Kishapu. Mwanamke akifoka, unajua yataisha. Huyu hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari alieleza kwamba pombe imeuzoesha ubongo wangu vibaya, na umeme mdogo, mdogo kabisa, ungeusaidia kujifunza upya. Muuguzi akaniwekea sponji zenye maji ya chumvi pande mbili za paji la uso, akazikaza kwa mkanda, akavuta nyaya mpaka kwenye kidude chenye betri. Jamani, nyaya mbili na betri mimi nazijua. Kazini kwetu, anayeshuka na nyaya shimoni ndiye anayekaa na betri mfukoni, asije mjinga mmoja huko juu akaunganisha wewe ukiwa bado chini.

"Dada, hiyo betri naishika mimi," nikamwambia.

"Haiwezekani, baba. Mgonjwa hashiki."

"Basi hakuna kuwasha." Nikaanza kuvua mkanda.

Tulibishana hadi daktari akachoka, akaniuliza kama kuna mtu ninayemwamini. Nikasema mke wangu. Akaitwa kutoka kwenye benchi la nje, akakipakata kile kidude. Nikamtazama, nikawaza, huyu nilivyomtesa, leo ndiyo leo. Muuguzi akakiwasha. Kumbe ni mwasho tu, kama sisimizi wanapita.

Umeme ukiendelea, nilipewa kazi kwenye kompyuta, ya kitoto kwelikweli. Ikija picha ya pombe, unasukuma mbele kimpini kilichounganishwa na kompyuta, picha inasinyaa inapotea. Ikija ya maji au soda, unavuta kwako. Sukuma, vuta. Nilirudi kila waliponiita, na kila mara betri alishika yeye.

Mwishoni nilimuuliza daktari kama nimepona. Akasema wengine huwasaidia, wengine hapana, tuombe heri. Nilitoka na hofu kubwa kuliko niliyoingia nayo.

Wiki hiyohiyo tulikwenda Kishapu kwenye harusi ya ukweni. Shemeji yangu akaniletea kikombe cha wanzuki, ile pombe ya asali, kimejaa pomoni.

"Shika, shemeji, tusherehekee."

Kabla sijawaza lolote, mkono wangu ulisukuma. Wanzuki ikamwagikia shati lake jeupe na vidole vyangu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mkono ulikataa, lakini mimi sikuwa nimekataa. Koo lilikuwa linaitaka ile pombe vilevile.

Mke wangu aliona yote akiwa kwa wanawake wenzake. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu aniambie yale maneno. Nami nikatabasamu, kiganja mdomoni kama mtu mwenye aibu, nanusa vidole vyangu, naogopa kutoa ulimi.