Bakuli la Kwinoa Lililokuwa Likirudi na Mahamri

Kila jioni bakuli langu lilirudi limeoshwa, na ndani yake mahamri manne ya moto.

Na kila Jumatatu akipimwa, sukari ya Mama Ismael ilikuwa imepanda.

Nikajua kuna mtu ananichezea.

Naitwa Pam. Nilimaliza digrii ya lishe mwaka jana, kazi bado. Nimepanga chumba hapa Nyamache, kwenye ploti ya Mama Ismael, mama wa Kiislamu anayeuza vitambaa sokoni. Ana kisukari. Kliniki walimwambia sukari isiposhuka kwa mwezi mmoja, ataanza sindano kila siku. Na huyu mama, hata sindano ya cherehani hapendi kuitazama.

Nikasema moyoni, huyu nitamsaidia.

Rafiki yangu wa chuo alikuwa amenipa kilo mbili za kwinoa, mbegu ndogo kama wimbi. Naiosha mpaka povu liishe, maana uchungu uko kwenye povu. Kikombe kimoja cha mbegu, viwili vya maji, moto mdogo. Pembeni naweka chinsaga, mboga chungu ya kienyeji, na nyanya. Basi, kila mchana nampelekea bakuli.

"Asante, mwanangu," Mama Ismael alikuwa akisema, akipokea bakuli kwa mikono miwili.

Wiki ya tatu nikaona kitu kwenye ndevu za Ogola, fundi wa nguo tunayepakana naye.

Punje yenye mkia mweupe uliojikunja. Kwinoa ikiiva huwa hivyo. Na Nyamache hii, sijaona mwingine anayeipika.

"Ogola, umekula nini leo?"

"Ugali. Kwani wewe ni polisi?"

"Na hilo tumbo limeenda wapi?"

"Maisha ni ngumu, dada." Akavuta mshipi. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya.

Mwizi. Anakula chakula cha mgonjwa.

Kesho yake nilipeleka bakuli, nikajifanya narudi chumbani, nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Mama Ismael akachungulia kushoto na kulia. Akavuka ua. Akampa Ogola bakuli zima.

Mwenyewe. Kwa mkono wake.

Nikajitokeza. "Mama Ismael, si ungeniambia tu hukipendi?"

"Mimi nilisema aambiwe," Ogola akasema, akiendelea kutafuna.

Mama akaketi kwenye ngazi, akarekebisha mtandio. "Pam, Mwaka Mpya ulipika nini?"

Nikakumbuka. Nguruwe. Kwa sufuria ile ile.

"Sasa ningekula vipi? Na kukukatalia ningekukatalia vipi, kila siku unakuja umetabasamu hivyo?"

"Na mahamri?"

"Bakuli la jirani halirudi tupu, ni aibu. Kwa hivyo kila siku nakanda, nakaanga..."

"Na kuonja?"

Akaangalia vidole vyake. "Mpishi gani haonji? Mawili tu. Siku ingine matatu."

Nikakaa chini kando yake. Wiki tatu nilikuwa namsaka anayepandisha sukari ya huyu mama. Kumbe ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikiipandisha, kwa bakuli, nikitabasamu.

Siku iliyofuata niliingia jikoni kwake mikono mitupu, isipokuwa mfuko wa kwinoa. Tukapika kwa sufuria yake. Akaonja, akasema chakula kimepooza, akatia bizari na kitunguu saumu. Ikawa tamu kuliko yangu, nakiri.

Bila mahamri ya kila siku, mwisho wa mwezi sukari ilikuwa imeshuka. Si sana, lakini daktari akampa mwezi mwingine bila sindano.

"Na mimi je?" Ogola akauliza. "Nilikuwa nimeshazoea."

Jioni ile Mama Ismael alinipakulia kwenye bakuli langu. Kesho yake nikalirudisha kwake na ndimu mbili ndani, maana nimejifunza: halirudi tupu.

Wewe mwenye moyo wa kusaidia, kabla hujapeleka chakula chako kwa mtu, ingia kwanza jikoni kwake. Wako watu wapole sana, watakushukuru kila siku, na hawajaonja hata kijiko.