Leso Kwenye Propela

Ijumaa ile tulikuwa wanawake watano, Wakenya watupu, wafanyakazi wa hoteli moja ya Al Rigga, huku Uarabuni, na kwa mara ya kwanza sisi ndio tulikuwa wateja. Tulikodi boti ndefu nyembamba ituzungushe kwenye mfereji wa Marina, katikati ya maghorofa.

"Leo niiteni madam," alisema mwenzetu wa Mombasa, akamgeukia nahodha. "Kijana, juisi yangu iko wapi?"

Nahodha, Mhindi wa makamo, alicheka. "Juisi hakuna, madam. Maji ya mfereji yapo, bure."

Viti vya nyuma vilikuwa juani. Yule wa Mombasa akatoa leso yake ya manjano ya kujifunga kiunoni, akaifunga juu yetu kwenye vyuma vya boti kwa ncha zote nne, iwe kivuli, kama afanyavyo akienda ufukweni kwao. Nahodha aliitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mteja hakatazwi, nasi tumefunzwa hivyohivyo.

Tulipotoka chini ya daraja upepo ulitupiga. Ncha mbili zikafunguka, leso ikaangukia majini nyuma ya boti, ikavutwa chini na propela. Injini ikakoroma, ikazima.

"No problem, madam," alisema nahodha, akitabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo ninalompa mgeni lifti inapokwama na mtu yumo ndani.

"Piga simu ofisini walete boti nyingine," nilimwambia.

"Arbab, bosi wangu, akijua, khalas, kazi imekwisha, narudi kwetu Kerala." Bado alikuwa anatabasamu.

Hakuna kati yetu aliyetoa simu.

Alichomoa ufunguo wa injini, akamkabidhi yule wa Mombasa, akachukua kisu tulichokatia tikiti maji na kuteremka majini. Alizama, akaibuka na kipande cha leso, akazama tena. Upepo ulikuwa ukitusukuma polepole kuelekea ukuta wa mawe.

Ndipo ikapita yoti kubwa, muziki juu. Watu wake walitupungia mikono, nasi tukawapungia. Mawimbi yake yalitufikia baadaye kidogo. Yaliinua sehemu ya nyuma ya boti, yakaiachia. Nilisikia kishindo chini ya miguu yangu.

"Kaka!" aliita yule wa Mombasa, ameinama juu ya maji. "Kaka, toka! Leso nakuachia, toka!"

Maji yalitulia. Vipande vya manjano vilielea. Mmoja wetu alianza kusali kwa Kikamba.

Aliibuka upande mwingine kabisa, ameshika ukingo kwa mkono mmoja. Tulimvuta kwa shati. Damu ilikuwa ikimtoka sikio la kushoto, akaifuta kwa kiganja, akakitazama kiganja. Akaomba ufunguo. Injini ikawaka, ukuta ukiwa umebaki hatua chache.

Gatini arbab alikuwa akingoja, na nyuma yake familia moja imeshavaa maboya.

"Mbona mmechelewa?"

Nahodha alimtabasamia. Yule wa Mombasa akajibu: "Sisi ndio tuliomsihi atuzungushe tena, sir. Anaendesha vizuri mno."

"Good," alisema arbab. "Yalla, hawa wanasubiri."

Familia ikapanda. Nahodha alishika usukani, bado amelowa. Mtoto wao mdogo alisimama kushoto kwake, upande wa sikio lililotoka damu, akamuuliza kitu, akauliza tena, kisha akapaza sauti.

Nahodha aliendelea kutazama mbele, akitabasamu.