Saa Moja na Nusu Mpaka Dar

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka Dar es Salaam, angani, ni kilomita mia nane na ushee. Ndege inatumia saa moja na nusu, wakati mwingine pungufu. Siangalii popote, hesabu ninayo kichwani. Niliishia darasa la nne, lakini nimepanda ndege mara nyingi kuliko walimu wote walionichapa. Nimechimba duara la dhahabu kwa mikono hii, nikanunua karasha la kwanza la kusaga mawe, nikanunua la pili, nikajenga nyumba mtaa wa Kalangalala. Sioni haja ya kuficha.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyompeleka mama. Mdogo wake alikuwa amelazwa Dar, apasuliwe saa tisa alasiri. Mama alitaka jambo moja tu: amshike mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nikamwambia atulie, amezaa dume. Ndege ni saa nne asubuhi, saa sita haijagonga tumeshatua.

Kilichoniponza ni mdomo. Siku mbili kabla nilizunguka kwetu Kharumwa nzima nikitangaza kwamba mama yangu anapaa. Na kwetu mtu mzima akienda safari kubwa haondoki kimya kama mwizi, anaagwa. Alfajiri uani pamejaa: shangazi, wake wa kaka zangu, majirani, kila mmoja na mfuko wake wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya mgonjwa. Na salamu za Kisukuma hazina haraka. Mwangaluka mayu, kisha hali ya watoto wote, kisha ya ng'ombe. Bibi mmoja jirani akamwagiza mama, akipita karibu na mvua huko juu, aiambie ishuke, mahindi yanakauka. Watu wakacheka, mimi nikawazidi wote. Nilikuwa nimepiga hesabu ya angani tu. Vumbi la barabarani na foleni ya kivuko cha ziwani pale Busisi, maana daraja lilikuwa bado, sikuvihesabu.

Tulifika uwanjani ndege imeshaondoka. Dada wa kaunta akasema kwa upole kuwa iliyobaki ni ya jioni. Nikaanza kumweleza mimi ni nani. Mama akanivuta shati.

"Mwache, baba. Yeye ndiye aliyetuchelewesha? Nipigie mdogo wangu."

Akakaa juu ya mifuko ya michembe, simu sikioni. Waliongea ya utotoni: mto waliochotea maji, siku waliyopoteza ndama wakachapwa wote wawili. Alicheka mpaka abiria wakageuka. Kisha akashusha sauti.

"Mwombe muuguzi akushike mkono. Mwambie ametumwa na dada yako."

Mimi nikaenda kusimama dirishani, nikajifanya natazama ndege.

Mama mdogo alipona. Alitusimulia kwamba muuguzi alimshika kweli, hakumwachia mpaka usingizi wa dawa ulipomchukua. Mama hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa mama hayupo. Daraja lipo, ziwa unalivuka kwa dakika chache. Naondoka nyumbani bila kumwambia mtu, na uwanjani nafika mapema mno. Nakaa kwenye kiti karibu na mlango, natazama watu wanavyoagana.