Fundi Sefu na Hodi za Watu

Sefu, fundi cherehani wa Kabondo, alizaliwa mwangalifu. Kila mshono aliuvuta mara mbili, na mtu akibisha hodi aliuliza kwanza ni nani, hata sauti ikiwa ya mama yake mzazi. Majirani walimtania wee, lakini nguo za Idi hawakumpelekea fundi mwingine. Hadidja, mkewe, alikuwa akicheka: mume wangu huyu, hata usingizi anaukagua kabla ya kulala!

Mwaka waasi walipoingia mjini, siku moja tu, Sefu hakuuliza. Alikuwa akila na mdogo wake Abdulhamid, karani wa serikali. Sauti ikabisha hodi kwa adabu, naye akajibu, "Karibu." Wakaingia wenye bunduki, wakamchukua Abdulhamid. Hakurudi tena.

Bunduki zilinyamaza, miaka ikapita, Sefu asiitikie hodi ya mtu. Wateja wakahama. Aliwashuku majirani, akashuku hata chakula. Ndugu wakanong'ona kwamba ana majini. Wajuaji wakasema ndivyo alivyokuwa siku zote. Upuuzi mtupu! Alphonse, muuguzi aliyecheza naye utotoni, ndiye aliyemwambia Hadidja, mama wa Nyota, la maana.

"Bon, Mama Nyota, tabia iko ileile. Zamani yeye njo alikuwa anaishika. Sasa iko inamushika yeye."

Kisha wazee wa kijana mmoja wakatuma salamu: watakuja kumposa Nyota, binti wa Sefu na Hadidja. Wazee wa pale hubisha hodi mara tatu, na ni baba wa binti anayepaswa kuwaitikia. Akinyamaza, wameshakataliwa, huondoka wasirudi. Hadidja alimbembeleza mumewe wiki nzima. Sefu akakubali, akaoga, akavaa kanzu.

Hodi ya kwanza ilipopigwa, jasho lilimtoka. Ya pili, midomo ikacheza bila sauti. Ya tatu, aliruka akauegemea mlango kwa mgongo, mikono ameitandaza, machozi yakimtiririka.

"Abdulhamid niliwapatia mimi mwenyewe," alisema. "Huyu, hapana."

"Papa Nyota, ni wazee tu," Hadidja alimsihi, akivuta mkono wake. Haukusogea.

Alitaka kumfokea. Badala yake alimfuta jasho kwa upindo wa kitenge, akamkumbuka kwa uchungu mumewe wa zamani, naye yuko hapo hapo mbele yake. Nyuma yao Nyota alikuwa akilia. Nje, nyayo za wazee zilikuwa zikielekea barabarani.