Redio ya Pikapu ya Baba

Mwezi uliopita nilikuwa Bariadi mjini, nimesimama nje ya gereji nikisubiri gari letu lizibwe pancha, nikamwona fundi anachomoa redio kwenye dashibodi ya pikapu kuukuu. Akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kuendelea kupiga mluzi. Mimi, ndugu yangu, ilibidi nitafute pa kukaa.

Baba yangu alikuwa na pikapu kama ile. Msimu wa pamba alibeba mizigo ya wakulima kutoka Zagayu kupeleka ghala la ushirika, na sisi watoto tulijua anarudi kabla hatujaliona gari, maana redio ilitangulia kusikika. Ilikuja na gari kutoka kiwandani, ina vifundo viwili vya kuzungusha na mshale mwekundu unaotembea juu ya namba. Jioni aliegesha gari karibu na dirisha la chumbani, akafungua milango yote miwili, na majirani wakaja na vigoda vyao. Mama alitugawia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa kwa karanga, tukila huku pamba imejaa nyuma ya gari, nayo ina harufu ya jua na vumbi.

Kisha mama akaanza kuumwa miguu. Ulitangulia mmoja, ukafuata wa pili, mpaka akawa hatoki kitandani. Bibi alimkorogea uji wa mtama, jirani akaja kumwogesha. Lakini furaha yake ilikuwa kwaya za redioni. Alikuwa mwimbaji kanisani, na tulipokuwa nje tulisikia sauti yake ikitoka dirishani, anaitikia akiwa amelala.

Miaka hiyohiyo soko huria likaingia. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka mashambani, ushirika ukafifia, ghala likatiwa kufuli. Pikapu ikakosa kazi, majani yakaota kuzunguka magurudumu. Mwishowe akaja mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwanhuzi, wakapatana na baba.

"Naomba kitu kimoja," baba alimwambia. "Redio niachie. Mama watoto anaumwa."

Yule mzee hakubisha. "Itoe tu. Mbuzi wangu hawasikilizi taarifa ya habari. Kesho nakuja kuchukua gari."

Tuliitoa mchana huo, baba na mimi, binti yake wa kwanza. Alivuta vifundo kwa vidole, akafungua nati zilizojificha chini yake, lakini redio ikagoma. Kulikuwa na nati nyingine kwa nyuma, na mkono wake mnene haukupita. Nikalala chali ndani ya gari, vumbi linaniingia machoni, nikapenyeza mkono kati ya nyaya.

"Umeigusa?"

"Nimeigusa, baba. Ni ngumu."

"Usiwe na haraka. Zungusha kidogo kidogo."

Mama akaita kutoka dirishani, kwa lile neno la Kisukuma la kumbembeleza binti, "Mayu, usijikate mkono!"

Nati ikalegea. Redio ikanishukia kifuani, nzito kuliko nilivyodhani. Baba alizifunga nyaya vitambaa ili asisahau ipi ni ya betri na ipi ya spika. Kisha akakaa kwenye usukani, akalitazama lile shimo lililobaki kwenye dashibodi.

"Gari hili ndilo nililomletea mama yako hapa," alisema.

Kesho yake gari likaondoka kimya. Baba akaipigilia redio kasha la mbao, akaiunga na betri ya lori aliyokuwa akiipeleka mjini kwa baiskeli kuchajiwa. Akaiweka kando ya kitanda. Mama akanyoosha mkono, akautembeza mshale mwenyewe, huku na huku, kituo hadi kituo, akicheka. Siku zote sisi ndio tuliokuwa tukimchagulia.

Alifariki mvua zilipoanza. Baba alikwenda posta kupeleka tangazo la kifo lisomwe redioni, ili ndugu wa mama walioko Kalemela wapate habari. Jioni tulikaa chumbani mwa mama na bibi na majirani, tukasubiri. Mtangazaji alisoma vizuri majina ya vijiji, lakini jina la mama, jina la Kisukuma, alilikosea. Baba akainama mbele ya redio, akalitamka sawasawa, polepole, kama mtu anayemsahihisha mgeni aliyekaa naye. Kisha akajifunika uso.

Siku hizi kila mtu ana redio yake mfukoni, na msiba unafika kwa simu kabla hata machozi hayajakauka. Sioni tena majirani wakibeba vigoda kwenda kusikiliza kwa mwenzao. Bibi alimfuata mama, na baba naye ametangulia. Jina la mama nililichukua liwe langu, nalo liko kwenye kitambulisho changu, na maofisini wanalisoma kila mtu kwa namna yake. Mimi huwaacha. Sauti ya kuwasahihisha ilikuwa yake baba, nayo siisikii tena popote.