Radhi Nilizozitoa Mpakani

Andika hivi, wala usipambe. Baba yangu alizaliwa Jasini, upande wa Tanganyika, na mama yangu alizaliwa Vanga, upande wa Kenya. Kati ya vijiji hivyo viwili ni mwendo wa miguu, na nilipokuwa mdogo tulikwenda arusini upande wa pili na kurudi bila mtu kutuuliza sisi ni nani. Majina yao siyataji, kwa kuwa maandishi haya huenda yakasomwa na watu nisiowajua. La baba yangu unalo wewe. Ulipozaliwa hapa London ulipewa jina lake, na tangu siku hiyo sijakuita mjukuu. Nakuita baba, kama impasavyo mwanamke kumwita mtoto aliyebeba jina la babake.

Mimi skuli sikuingia, na mkono wangu haujui kalamu. Kwa hiyo andika nisemavyo, hata pale utakapoona haya.

Babako alisema tunakwenda Marekani kutembea. Mamako, ambaye ni muuguzi, alikuwa na watu wa kuonana nao katika mji wa San Diego, nasi tungefuatana naye. Nilistaajabu, maana nyumba yetu ya Hayes, hapa London, haikuwa nyumba ya watu wa kutembea. Babako alifanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, akarudi na kulala. Mamako alikuwa wodini hata siku ya Idi. Lakini nilikwisha kujifunza kutouliza maswali katika nyumba ya mwanangu. Nilifunga sanduku langu nikangoja.

Mamako alipomaliza shughuli zake, babako alikodi gari akasema atatupeleka ufuoni, ng'ambo ya mpaka, Meksiko. Kule wanaendesha upande wa kulia, naye kila alipokata kona alisoma bismillahi kwa sauti. Wewe ulimcheka. Nilikukataza kumcheka babako, ingawa na mimi nilikuwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili. Kuingia Meksiko hakuna aliyetusimamisha. Tulifuata barabara ya pwani mpaka mji uitwao Rosarito, tukateremka mchangani.

Bahari ile haikunipendeza. Maji yake ni baridi kama ya bomba la London, na mawimbi yake yana fujo. Watu walipita wamepanda farasi katikati ya waogeleaji. Muuzaji alikuja na madafu, nikafurahi kuyaona, kisha akayamiminia pilipili na chumvi mbele ya macho yangu. Nilimrudishia lake. Wewe ulikunywa lako lote, ukasema ni tamu, na midomo imekuwa myekundu.

Babako alingoja mpaka wewe na mamako mmekwenda kukanyaga maji. Akakaa chini mchangani, mimi nikiwa juu ya kiti, akaniambia kwamba mamako amepewa kazi katika hospitali ya San Diego, na kwamba wanataka kuhamia huko nawe. Nikamuuliza na mimi je. Akasema vibali ni vya mke, mume na mtoto wao; mama wa mume hamo. Nyumba ya Hayes nitabaki nayo, naye atalipa kila kitu kama anavyolipa sasa.

"Naomba radhi zako, Mama," akasema. "Bila radhi zako hatuendi."

Alikuwa mkweli. Nilimlea hivyo, naye hajawahi kuvuka neno langu. Kwa hiyo nilijua kwamba jambo lile lilikuwa mkononi mwangu, na kwamba nikinyamaza tu, mngebaki.

"Upepo umezidi," nikamwambia. "Mwite mtoto tuondoke."

Usidhani niliogopa upweke. Mjane huzoea. Nilikuwa nahesabu jambo jingine: kwamba duniani amebaki mtu mmoja tu ninayemwita baba, na mtu huyo alinijibu kwa Kiingereza kila siku ya maisha yake. Kiswahili ulikifahamu, lakini ulikiacha masikioni. Nilikuita "baba", ukaja, kama paka ajavyo akisikia sahani. Nilijiambia kwamba ukipelekwa mbali hutaitwa hivyo na mtu yeyote, na jina litakuwa herufi kwenye pasipoti.

Kurudi Marekani foleni ilikuwa ndefu. Wachuuzi walipita kati ya magari wakiuza mablanketi na mbwa wa plasta. Tulipofika kwenye kibanda, afisa alizikagua pasipoti, akainama dirishani, akakuelekezea kidole wewe na kuniuliza kwa Kiingereza huyu ni nani kwako. Swali hilo nililielewa, kwa kuwa huulizwa pia zahanati. Nikalijibu mwenyewe, kabla babako hajafungua kinywa, kwa Kiingereza changu kidogo: ni baba yangu.

Afisa akaniuliza tena. Nikajibu vilevile, kwa nguvu zaidi, maana nilidhani hakusikia.

Tuliamriwa kuweka gari kando, chini ya paa la mabati, tukakalishwa kwenye benchi. Babako alijaribu kueleza akaambiwa anyamaze. Mamako uso ulimbadilika.

"Mama, hapa si Vanga," akaninong'oneza. "Hapa watoto huibwa. Ukisema upuuzi wanamchukua."

Nilisema kweli nikaambiwa upuuzi.

Afisa mwanamke alikutenga hatua chache mbele yetu, akachutama ili alingane nawe. Ulikuwa mdogo bado, na soksi moja ilikuwa imejaa mchanga. Alikuuliza mimi ni nani. Mamako alinifasiria maneno yako moja moja, chini kwa chini, na hivi ndivyo ulivyosema:

"Ni bibi yangu. Mimi nina jina la babake. Babake amekufa, kwa hiyo akiita lazima awepo wa kuitika."

Yule afisa akauliza wewe nawe unamwitaje.

"Bibi. Akinikasirikia namwita mwanangu, ndipo anacheka."

Afisa alinitazama aone kama nitacheka. Sikucheka. Akakurudishia pasipoti yako mkononi, akasema basi mfundishe binti yako Kiingereza, na akaturuhusu.

Hakuna aliyekufundisha maneno yale. Mimi sikuwahi kukueleza kwa nini nakuita hivyo, nilikuita tu. Kumbe ulikuwa ukijua unaitikia kwa niaba ya nani. Tulipoingia barabarani nilimgusa babako begani, nikamwambia, "Nendeni. Radhi zangu mnazo." Alitaka kusimamisha gari. Nikamwambia atazame mbele, upande huu si wake.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Tangu mlipohama naishi hapa Hayes na vyumba viwili vilivyofungwa. Ndege hupita juu ya kamba yangu ya nguo mchana kutwa, na jirani wa kushoto hunisalimu kwa mkono bila kusimama. Mkipiga simu, huku ninatandika mswala wa magharibi na huko kwenu hamjala chakula cha mchana. Picha hukwama, midomo yenu ikabaki wazi. Mara nyingine nikiwa jikoni nasahau, naita "baba, njoo uonje chumvi", kisha nazima jiko nangoja kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa umekuja kwa likizo, sauti imekuwa nzito, na Jumapili unaondoka. Sikiliza cha kuhifadhi. Picha za ufuo ule zifute ukitaka. Hifadhi kwamba radhi nilizitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenishurutisha; babako asije akabeba mzigo huo. Lakini usiandike kwamba nilifurahi. Nimesikia pia kwamba shuleni kwenu wamelikata jina nusu kwa kuwa ulimi wao ni mzito. Nusu usiitikie. Nami nikipiga simu nikasema "baba", hata ukiwa mbele ya wenzako, sema "naam", na useme kwa sauti.